Nimeuliza bei, nikaambiwa sitaiweza

“Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, naishi Moshi, Majengo. Najifunza Kijerumani ili siku moja niongoze wageni badala ya kuwabebea mizigo. Mwezi uliopita nilipanda basi hadi Arusha kutafuta kitabu, kwa kuwa Moshi nilikosa. Katika duka moja la katikati ya mji nilikiona kwenye rafu, nikakishika. Dada wa kaunta akaninyang'anya, akasema, ‘Hicho si cha shule, na bei yake hutaiweza.’ Nikiwa bado nimesimama akaingia Mzungu, akachukua kitabu kile kile, akaruhusiwa kuchana nailoni na kukifungua. Niliona aibu, nikatoka. Duka la pili walinipokea kwa kununa ila wakakubali kuniagizia cha A1, yaani ngazi ya kwanza, nikaacha elfu hamsini. Kimekuja, kumbe ni cha A2, tena cha mazoezi peke yake. Wanasema mali ikishauzwa hairudishwi. Rafiki yangu mmoja ananiambia nirudi na simu nimrekodi yule dada wa kwanza nimrushe mtandaoni. Mwingine anasema nikiingia niongee Kiingereza tu, wataniheshimu. Wa tatu anasema nitoe kopi yaishe. Nifanyeje? Au niache tu?”

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa safari ile. Waongoza wageni wengi wa mlima huo walianza kwa kubeba mizigo kama wewe, kwa hiyo njia unayoitaka ipo na imeshapitwa.

Barua yako ina mambo mawili yaliyoshikana, nami nitayatenganisha. Kuna kudharauliwa, na kuna elfu hamsini. Elfu hamsini zina sheria yake na pa kuzidai, na hazihitaji mtu yeyote akuchekee. Kudharauliwa hakuna risiti, lakini ndiko kulikokufanya uulize kama uache. Basi naanzia huko.

Usiache. Na yule dada alikosea, hilo halina mjadala. Kumpokonya mteja kitabu mkononi ni utovu wa adabu, na kumruhusu mwingine achane nailoni ya kitabu hicho hicho muda mfupi baadaye ni ubaguzi. Hukulitafuta na hukulikosea. Ila mimi nimeuza vitabu Arusha kwa miaka mingi, na siku hizi nafundisha wahudumu wa maduka, kwa hiyo kaunta ile naijua kwa upande wa ndani. Nitakueleza kinachoendelea kule, si ili umwonee huruma, bali ili safari ijayo ujue pa kuanzia.

Duka la vitabu kwetu, Arusha na Moshi sawasawa, kimsingi ni duka la shule. Linaishi kwa daftari, kalamu, vitabu vya Taasisi ya Elimu, Biblia na vitabu vya nyimbo, na Januari ndio mwezi wake wa mavuno. Mhudumu anapoajiriwa huonyeshwa kila kitu kinakaa wapi, halafu anaachiwa kaunta. Mzazi akisema “Hisabati darasa la tano”, mkono unakwenda wenyewe. Wewe ukisema unataka kitabu cha kuanzia Kijerumani, mkono hauna pa kwenda. Jalada hawezi kulisoma. Hajui hicho ni cha kwanza au cha pili, kina sauti au hakina, kinajitosheleza au kina mwenzake. Na watu wamemvisha sifa asiyoiomba: anauza vitabu, kwa hiyo amesoma. Kusema “sijui” mbele ya foleni kunamuuma, na jibu la mkato linamwokoa. Wateja wengi huondoka wakiamini kwamba mhudumu alijua akawaficha. Nilichoona mimi mara nyingi ni mtu aliyekuwa anaomba kimoyomoyo usiulize swali la pili.

Halafu kuna pesa, na hapa ndipo nailoni inapoingia. Vitabu vya hapa nchini wachapishaji wengine huvitoa kwa mali kauli: duka linauza kwanza, linalipa baadaye, na kisichouzika kinarudi kwa mwenyewe. Kitabu kutoka Ujerumani duka dogo halikipati hivyo. Mwenye duka anatoa fedha taslimu, analipa usafiri, na kisipouzika kitazeeka naye. Vitabu vya darasani vya Kijerumani kwao huuzwa kati ya euro 15 na 25 hivi. Cha euro 20 tayari ni kama elfu sitini za kwetu, na hapo hakijapanda ndege. Kikifika rafuni Arusha si ajabu kikaitwa laki moja. Sasa kikichanwa nailoni, kikashikwa na watu kumi, mnunuzi wa kumi na moja atasema ni kilichotumika na atataka apunguziwe. Katika maduka kadhaa niliyoyafahamu, kitabu kilichochafuka kilikatwa kwenye mshahara wa mhudumu. Ndiyo maana mkono wake uliruka. Angeweza kabisa kusema “samahani kaka, hivi tumekatazwa kuvifungua”, na mambo yangeishia hapo. Hilo ndilo kosa lake.

Kwa hiyo bei ile haikupangwa ili kukufukuza wewe. Na ukiomba upunguziwe usione aibu, ingawa unaweza kukutana na uso wa mbuzi. Ujerumani kwenyewe bei ya kitabu kipya imefungwa kwa sheria ya mwaka 2002, hata duka kubwa kuliko yote haliruhusiwi kuishusha. Sheria hiyo haifiki Mnara wa Saa wa Arusha. Hapa unaongea na mwenye duka, si mhudumu, maana mhudumu hana mamlaka ya kushusha hata elfu mbili, na anachoka kuombwa kitu asicho nacho.

La tatu ni lile ninalogombana nalo kila ninapofundisha. Arusha ni mji wa wageni, na mhudumu hukisia nani atanunua kabla hajafungua mdomo. Hukisia kwa rangi na kwa viatu. Sitakudanganya kwamba nguo hazihesabiwi, zinahesabiwa. Lakini kisio hilo ni bovu hata kibiashara. Mgeni aliyekuja kuona Ngorongoro hana shida na kitabu cha kuanzia Kijerumani. Wenye shida nacho ni waongoza wageni, madereva wa safari, watu wa mapokezi hotelini, wauguzi na wanafunzi wanaotafuta nafasi Ujerumani. Tulishayaona kwa Kifaransa. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa Arusha hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na lugha zake za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Kifaransa kikawa ajira mjini, na waliokuja kaunta kuulizia vitabu vya kuanzia walikuwa vijana wa hapa hapa. Huwa nawaambia wenye maduka hivyo. Wengine wamesikia, wengine bado wanamkimbilia kila mwenye kofia ya safari.

Shauri la kuongea Kiingereza liache. Ukimwanzia Kiingereza mtu ambaye tayari anaogopa kuonekana hajui, umemwongezea lugha ya pili ya kuogopa, na ukali wake utapanda. Pengine pia utatajiwa bei ya mgeni. Salimia kwa Kiswahili, salamu nzima: aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake, rika lako muulize habari za kazi na usubiri ajibu. Wengi huingia dukani na swali mdomoni kama wanaojibu simu, kisha wanashangaa kujibiwa vivyo hivyo.

Kinachofanya kazi kweli ni kumwondolea mhudumu mzigo wa kujua. Mpe namba. Nyuma ya kila kitabu cha duka, karibu na ile mistari myeusi ya kuskani, kuna namba ya ISBN. Tangu 2007 ina tarakimu 13, na huanzia 978 au 979. Tarakimu zinazofuata zinakuambia kitabu kimesajiliwa wapi au katika eneo la lugha gani: kikiendelea na 3 baada ya 978 kimetoka nchi za Kijerumani, 2 ni za Kifaransa, 7 ni China, na vya Tanzania ni 9976 au 9987. Ukiona kitabu chenye jalada la Kijerumani kabisa lakini namba yake ni 978-81 au 978-93, hicho kimetolewa India. Wachapishaji wa huko hutoa matoleo ya bei nafuu ya baadhi ya vitabu vya Ulaya. Si kitabu kibaya, ila hutakiwi kukilipia bei ya kilichotoka Ulaya.

Namba hiyo utaipata kwa mchapishaji mtandaoni, au mwombe mwalimu au mwenzako anayesoma Kijerumani akupigie picha ya nyuma ya kitabu chake. Iweke kwenye simu. Ukifika kaunta, hutamki jina la kitabu ambalo nyote wawili mtalivunja meno, unamwonyesha skrini. “Habari za kazi, dada. Nina namba ya kitabu hapa, naomba uniangalizie kama mnacho. Kama hakipo, naomba uniambie mnaagiza lini.” Sasa ana kazi anayoiweza: kulinganisha tarakimu, au kumtumia bosi picha kwa WhatsApp. Nimeona nyuso zikifunguka kwa jambo dogo kama hilo.

Kabla ya hata hiyo namba, chagua saa. Asubuhi katikati ya wiki ni nzuri. Januari nzima isahau, na Jumamosi mchana pia. Na mkono wako usitangulie rafuni kwenye vitabu vilivyofungwa nailoni. Omba kwanza: “Naweza kukifungua hapa mbele yako niangalie kurasa mbili? Nikikuta ndicho, nakichukua.” Wakikataa kufungua kabisa, uliza kama wana kilichofunguliwa cha kuonyeshea. Kitabu cha laki moja hununui kwa jalada, na hilo una haki ya kulisema.

Ikitokea ukajibiwa tena kwamba hutaiweza, usitoke. Sema kwa sauti ya chini, bila kupandisha: “Dada, nimeuliza bei. Kuiweza niachie mimi.” Kisha nyamaza. Ule ukimya utambana yeye, kwa sababu jibu la swali lako ni tarakimu tu na kila aliye kwenye foleni anajua hivyo. Akiendelea, uliza kama mwenye duka yupo, au soma namba ya simu kwenye kibao au risiti. Kwa mwenye duka usianze na malalamiko ya kutukanwa, maana atakuomba msamaha wa juu juu na kusahau. Anza na biashara: “Nilikuja na pesa ya kitabu cha laki moja, nikazuiwa hata kukitazama.” Sentensi hiyo mfanyabiashara huisikia usiku akiwa amelala.

Kuondoka bila kusema neno pia ni jibu halali, na siku nyingine ndilo lenye akili. Shida ni kwamba maduka yenye vitabu vya lugha za kigeni unayahesabu kwa vidole Arusha, na Moshi ni machache zaidi. Ukiyasusa yote yaliyokununia utabaki na barabara ya kwenda Dar.

Sasa kitabu chenyewe, kwa sababu matatizo ya duka la pili yalianzia hapo. Herufi na namba kama ulizozitaja, A1 hadi C2, ni ngazi zilizotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, na wachapishaji wote wakubwa wa Ulaya wanazifuata. A1 ndiyo ya chini kabisa. Lakini vitabu vingi vya Kijerumani huigawa ngazi moja katika viwili, A1.1 na A1.2, kwa hiyo ukisema “cha A1” bado hujamaliza. Pili, angalia neno kwenye jalada. Kursbuch ni kitabu cha darasani, chenye masomo na mazungumzo. Arbeitsbuch ni cha mazoezi, na bila mwenzake hakikufundishi kitu. Wengine huvifunga viwili hivyo pamoja, wengine huviuza mbalimbali, na hapo ndipo muuzaji asiyejua hukuletea nusu akidhani ni kizima. Tatu, tazama sauti inapatikana vipi. Vya zamani vilikuja na sidii, vipya vina programu ya simu au msimbo wa kukwangua. Kilichokwisha kukwanguliwa, hasa kwenye vitabu vya mitumba, msimbo wake huenda umeshatumika.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hawakuambii kwa sababu hawalijui: vitabu vingi vya darasani vimeandikwa kwa Kijerumani kitupu, hata maelekezo. Vimetengenezwa kwa ajili ya mwanafunzi mwenye mwalimu mbele yake. Unayejisomea kambini baada ya kushusha mzigo utafika somo la tatu ukwame, uanze kujilaumu kichwa chako. Kama huna mwalimu, tafuta kile kinachoeleza sarufi kwa Kiingereza na kina majibu ya mazoezi nyuma. Ukiwa na mwalimu, nunua anachotumia yeye, hata kama jirani ana kingine kizuri zaidi. Usinunue zaidi ya kimoja kwa sasa. Goethe-Institut hukadiria kwamba mtihani wa A1 unahitaji vipindi 80 hadi 200 vya dakika 45, kutegemea mtu ameanzia wapi; kitabu kimoja kitakutosha kwa masika yote, wakati mlima umepoa na kazi ni chache.

Kopi sikushauri. Duka linalokuuzia kopi ya kitabu kizima linakiuka Sheria ya Hakimiliki ya 1999, na wewe unapata picha nyeusi za watu wasiojulikana wanafanya nini, bila sauti. Lugha ya kuongea na mgeni huwezi kuijua kwa macho tu.

Kama pesa ya kitabu kipya haipo, kuna njia za bure au nafuu zaidi. Deutsche Welle, wale wale wa Idhaa ya Kiswahili, wana kozi za Kijerumani mtandaoni bila malipo kuanzia A1, zikiwa na sauti na video. Pitia maktaba ya mkoa uulize rafu ya lugha. Goethe-Institut ipo Dar es Salaam, ndiko kwenye kozi na mitihani yao. Mtu wako wa Dar akikununulia kitabu huko, kinakuja kwa basi kama kifurushi, na mara nyingi nauli yake ni ndogo kuliko nauli yako ya kwenda Arusha na kurudi. Ukiagiza dukani, lipa kwa Lipa Namba yenye jina la duka, usitume kwenye simu ya mhudumu.

Kumrekodi yule dada na kumrusha, hapana. Sipendi hata nikiweka sheria kando, maana utamfukuzisha kazi mtu wa mshahara mdogo huku mwenye duka aliyeweka kanuni ya nailoni akibaki salama. Na sheria zenyewe zipo: tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Unaweza kuingia ukiwa mlalamikaji ukatoka mlalamikiwa. Andika tarehe, saa na maneno aliyosema, umtumie mwenye duka.

Kuna mpaka mmoja tu ambapo nitakuambia usitumie upole wala mbinu za kaunta. Mhudumu au mlinzi akikuita mwizi, akitaka kukupekua mfukoni, akikushika mwili au kukuzuia kutoka, hiyo si huduma mbovu tena. Usikubali kupekuliwa na watu wa duka. Taka polisi waitwe, na uwe na shahidi aliyesimama karibu.

Tumalizie elfu hamsini. Maandishi ya “mali ikishauzwa hairudishwi” yana nguvu kwa mteja aliyebadili mawazo: alinunua alichokitaka, kesho hakitaki. Hayamkingi muuzaji aliyeleta kitu tofauti na kilichoagizwa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Uliagiza A1, ukaletewa A2. Zaidi ya hapo kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inayomlinda mlaji na kusimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC.

Nguvu ya madai yako inategemea ulisema nini siku ile. Kama “A1” imeandikwa kwenye risiti, kwenye daftari lao la oda au kwenye ujumbe wa simu, umesimama pazuri. Kama ulisema tu “kitabu cha Kijerumani” na wao wakachagua, muuzaji naye ana la kusema, na hapo ningekushauri mkutane katikati: achukue kitabu, akuletee kilicho sahihi, wewe uongeze tofauti ya bei ikiwepo. Njia nyingine, ambayo si mbaya hata kidogo, ni kukibakiza hicho cha A2 kwa bei iliyopunguzwa, maana ukiendelea utakifikia. Ila hakikisha kwanza kwamba mwenzake wa darasani anapatikana.

Rudi na kitabu kikiwa kisafi. Usiandike hata jina lako ndani, usijaze zoezi, usikwangue msimbo. Omba kuonana na mwenye duka, mweleze kwa kifupi, mpe uchaguzi wa mambo mawili, kitabu sahihi au pesa, na mkubaliane tarehe. Siku saba kwa pesa, na kwa kitabu muda wa oda mpya. Mkishakubaliana mtumie ujumbe wa simu wenye maneno hayo hayo ili yabaki. Wengi huishia hapo, kwa sababu elfu hamsini si pesa ya mwenye duka kugombania mbele ya wateja.

Akikataa, nenda kwa afisa biashara wa halmashauri lilipo duka, yaani Jiji la Arusha kama duka liko mjini, si Moshi unakoishi. Simu moja ya ofisi inayoshughulika na leseni yake huwa na uzito kuliko barua tatu za mteja. FCC nao hupokea malalamiko ya walaji. Mahakama ya Mwanzo ipo pia, lakini piga hesabu kwa ukweli: nauli, siku unazokosa kazi mlimani, na pengine kuahirishwa. Kwa kiasi hiki mimi nisingefika huko, ila ningekuwa tayari kumwambia mwenye duka kwamba naijua njia.

Na ile risiti. TRA wanasema ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Kama hawakukupa ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ulipoacha pesa, idai sasa, kabla ya mazungumzo mengine yoyote. Kama unayo, ipige picha leo hii. Karatasi zile maandishi yake hufifia, na mfuko wa mpagazi una jasho.